Kujua jina la tamathali si kuielewa: uzi kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa fasihi

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Wiki nzima iliyopita nilikuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha tatu, na kuna jibu moja lililonifanya nifungue uzi huu. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze maana ya methali "Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake." Mwanafunzi mmoja, ambaye si mzembe hata kidogo, aliandika kwamba mwamba ni jiwe kubwa, kwamba jiwe hilo limepewa uwezo wa kibinadamu wa kuvuta, na kwamba kwa hiyo hapa pana tashihisi. Jina la tamathali alilijua, fasili yake alikuwa ameikariri neno kwa neno, na bado methali yenyewe ilimpita kando. Mwamba wa methali hii ni mtu anayewamba, yaani anayetandaza ngozi mbichi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza. Kila anayefanya kazi hiyo huivuta ngozi kuelekea upande aliosimama yeye. Aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa hahitaji kuambiwa kwamba methali inasema juu ya mtu kujipendelea pale anapopewa nafasi ya kugawa au kuamua.

Jibu lile limenisumbua kwa sababu najua lilikotoka. Tumewafundisha watoto orodha: tashbihi, sitiari, tashihisi, tafsida, mubalagha, kejeli, taashira. Tumewapa na alama za kutambulishia kila moja, kama mtu anayemfundisha mwenzake kutambua ndege kwa rangi ya mkia bila kumwambia ndege huyo anakula nini na anaishi wapi. Mwanafunzi akiona "kama" anaandika tashbihi. Lakini "Fatuma ni mrefu kama dada yake" haina tamathali yoyote, kwa kuwa tumepima binadamu wawili kwa kipimo kimoja. "Fatuma ni mrefu kama mlingoti" ndiyo tashbihi, kwa sababu tumevuka kutoka kwa binadamu kwenda kwenye chombo cha baharini, tukaazima huko kitu cha kumwelezea. Neno "kama" ni lile lile katika sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni umbali kati ya vitu viwili vinavyolinganishwa.

Mimi hupenda kusema kwamba kila tamathali ya aina hii ni azima. Kuna kitu kinachosemwa, kuna kitu kilichoazimwa, na kuna sifa iliyovushwa kutoka hiki kwenda kile. Msomaji anayetaka kuelewa anapaswa kuvijua vyote vitatu, na mara nyingi kinachomshinda ni cha pili. Chukueni simba katika sitiari, yaani azima isiyotumia neno "kama". Hayati Rashidi Kawawa aliitwa "Simba wa Vita", na sifa iliyovushwa hapo ni ushujaa. Mtoto akisema "baba ni simba nyumbani", sifa iliyovushwa ni ukali, na pengine hofu. Methali ikisema "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama", ushujaa na ukali vimewekwa pembeni, na kilichochukuliwa ni utulivu wa mnyama anayenyemelea. Mnyama ni mmoja, lakini anayejibu "simba ni sitiari ya ushujaa" kila anapokutana naye atakuwa amekosea mara mbili kati ya tatu.

Naomba tujadili hili kwa kina. Nitajibu kila mchango kadiri nitakavyoweza.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwalimu, shukrani kwa kuleta mada hii. Mimi nafundisha upande wa Kenya, na kabla hatujafika mbali naomba utusaidie jambo moja. Wanafunzi wangu husoma vitabu vya pande zote mbili za mpaka na wanachanganyikiwa na majina. Sisi tunasema chuku, nyinyi mnasema mubalagha. Sisi tunasema uhuishaji, nyinyi mnasema tashihisi. Istiara na sitiari nazo ni mgogoro wa peke yake. Je, jina lipi ni sahihi?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, katika jozi hizo ulizozitaja majina yote ni sahihi, na mwanafunzi atumie lile linalotumika katika mtaala anaoufanyia mtihani. Penye hatari ya kweli ni kwenye jina moja lenye kazi mbili, na mfano ulio wazi zaidi ni taashira. Katika vitabu vingi vya huku kwetu, taashira ni kukitaja kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho kwa karibu, kama mtu anaposema "Ikulu imetoa taarifa" akiwa na maana ya Rais na ofisi yake, wala si kuta za jengo. Huko kwenu wengi hulitumia neno hilo hilo kwa maana ya ishara, yaani kitu kinachosimamia wazo.

Mambo hayo mawili yanakaribiana, lakini hayalingani, na historia yenu wenyewe inatoa mfano mzuri wa kuyatenganisha. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya "ndiyo" na chungwa alama ya "la". Hakuna kitu chochote katika chungwa chenye uhusiano na kukataa. Lilipewa kazi hiyo kwa makubaliano tu, na mpiga kura alipaswa kuelezwa. Hiyo ni ishara. Lakini baada ya upande wa chungwa kushinda na vuguvugu lake kuzaa chama cha siasa, mtu aliyesema "chungwa limeshinda kiti hiki" alikuwa anakitaja chama kwa jina la alama yake, na hapo ishara imegeuka kuwa taashira ya aina tunayoifundisha huku. Mwanafunzi akilifahamu hilo, jina litakalotakiwa na mtahini halitamsumbua.

Mchangiaji (mzazi, Dodoma)

Mwalimu, nimekuelewa juu ya kuazima. Hofu yangu ni kwamba watoto wetu hawavijui hivyo vitu vilivyoazimwa. Mwanangu amezaliwa na kukulia hapa Dodoma na hajawahi kuiona bahari. Nusu ya methali anazoletewa shuleni zinahusu vyombo, maji na upepo. Si bora tuziache, tutunge nyingine zinazolingana na maisha yao?

Mleta uzi

Mzazi mwenzangu, swali lako ndilo kiini cha jambo zima, na naomba uniruhusu nikae hapa kwa muda.

Ni kweli kwamba Kiswahili kimelelewa pwani, na sehemu kubwa ya mafumbo yake yameazimwa baharini. Hata asiyeiona bahari maisha yake yote huizungumza. Mtu wa Dodoma anaposema "mambo yamekwenda mrama", anatumia neno la mabaharia: mrama ni kule kuyumba kwa chombo, kikilalia upande huu na kurudi upande ule kwa kupigwa na mawimbi. Aliyelielewa hivyo anajua kwamba jambo lililokwenda mrama limepoteza mhimili na lisiposhikwa mapema litapinduka, wakati yule aliyeambiwa tu kwamba maana yake ni "kuharibika" atalitumia hata kwa sahani iliyovunjika.

Tazama pia "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Vi- ya hapo haitaji vitu kwa jumla, inataja vyombo, yaani majahazi, mashua na ngalawa. Kuunda hapo ni kazi ya fundi anayepasua mbao, kuzifunga kwa misumari na kuziba nafasi kwa kalafati ili maji yasiingie. Kwa kuwa siku hizi tunaunda kamati na kuunda serikali, mwanafunzi hasikii tena shoka wala nyundo ndani ya neno hilo. Anaeleza kwamba methali inasifu "mipango mizuri", jibu ambalo si baya, lakini limepoteza jasho la fundi, na jasho ndilo methali inalotaka tulione tunapotazama chombo kikielea kana kwamba kilizaliwa hivyo.

Nyingine ni "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Upwa ni ile sehemu ya ufuko inayobaki wazi maji yanapokupwa. Anayezunguka huko hakosi kaa, chaza au pweza, na kwa hiyo wali wake haukosi kitoweo. Wali mkavu ni wali usio na mchuzi wala mboga. Niliwahi kupokea jibu lililosema wali mkavu ni wali uliopikwa kwa maji machache. Mtoto yule alikuwa anafikiri kwa bidii. Alikosa tu mtu wa kumwambia upwa ni nini. Na ile ya "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu" huwashinda hata watu wazima, kwa sababu wengi hudhani chungu ni kile cha kupikia, ilhali ni mdudu, sisimizi, ambaye maji ya ndani ya kifuu cha nazi yanamtosha kuzama.

Sasa, je, tuziache? Nasema hapana, na sababu yangu ni kwamba bahari hii hii ndiyo iliyobeba mawazo makubwa kabisa ya fasihi yetu. Takriban miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliuita ulimwengu "bahari tesi" katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, yaani bahari iliyochafuka, na akaendelea kutaja matumbawe yanayomngoja anayeisafiri. Aliandika mbele ya watu walioishi kwa biashara ya majahazi na walioona utajiri wa mji wao ukitoweka. Kwao tumbawe lilikuwa jiwe halisi linalopasua chombo. Mwanafunzi wa Dodoma anayeonyeshwa picha ya mwamba huo, akaelezwa chombo hupasukaje na mali huzamaje, atausoma ubeti ule kwa moyo. Kumweleza kitu kilichoazimwa ni kazi ya dakika tano, na mwalimu asiyeifanya amemnyima mtoto ufunguo.

Lakini uko sahihi katika upande wa pili wa hoja yako, kwamba kila kizazi na kila mahali pana azima zake. Mfugaji wa Dodoma anamjua kupe kuliko mvuvi wa Kilwa anavyomjua. Tusiwafanye watoto waamini kwamba tamathali ni mali ya wazee wa pwani peke yao.

Mchangiaji (mtumishi mstaafu)

Nimefurahi umemtaja kupe, maana mimi ni kijana wa enzi za Ujamaa. Wakati huo hatukufundishwa tamathali darasani tu. Tulizila na kuzilala. Kupe, mirija, unyonyaji. Naomba mwalimu azitazame za siasa pia, kwa kuwa ndizo zinazowagusa wananchi wengi kila siku kuliko mashairi.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kunikumbusha. Azimio la Arusha lililotangazwa Februari 1967 linatumia kitenzi "kunyonywa" pamoja na "kuonewa" na "kupuuzwa", na leo tunakisoma kana kwamba ni neno la uchumi. Ni sitiari. Aliyeitunga dhana ya unyonyaji aliazima tendo la kiumbe kinachochota uhai wa mwingine kwa mdomo. Kupe akaongezwa kwa sababu anang'ang'ania ngozi ya ng'ombe na kunenepa huku ng'ombe akikonda. Mirija ikaongezwa kwa sababu mtu anaweza kunywa akiwa mbali na chungu, bila kuonekana akiinamisha kichwa. Hizo ni picha tatu zinazokubaliana, na kila moja inaongeza jambo ambalo nyingine haisemi. Mkulima ambaye hakuwa amesoma chochote juu ya mtaji na faida alizielewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa alimjua kupe kwa kumng'oa kwa mkono wake.

Mfano wa karibu zaidi ni "kutumbua majipu", usemi ambao Rais Magufuli aliueneza tangu mwishoni mwa mwaka 2015 alipoanza kuwaondoa kazini watumishi waliotuhumiwa kwa ubadhirifu. Huu ninaufundisha kila mwaka, kwa sababu unaonyesha nguvu ya sitiari na pia upande wake unaotakiwa kutazamwa kwa uangalifu. Jipu liko ndani ya mwili wenyewe, halikutoka nje. Linauma, lina usaha, na halitapona mpaka litumbuliwe. Kwa neno moja wananchi walielezwa kwamba uovu umo ndani ya serikali, kwamba dawa yake itauma, na kwamba baada ya maumivu kutakuwa na nafuu.

Lakini sitiari huvusha sifa fulani na kuzificha nyingine. Jipu halina mdomo. Halisikilizwi kabla ya kutumbuliwa, na hakuna anayelionea huruma. Mtumishi anayetuhumiwa, kwa upande wake, ana mdomo, na sheria inampa nafasi ya kujitetea. Sisemi hivi kumlaumu wala kumtetea yeyote aliyeondolewa kazini. Ninachosema ni kwamba msomaji makini hujiuliza kitu kilichoazimwa kimeacha nini nyuma, na swali hilo halimo katika orodha tunazokaririsha. Leo magazeti huandika "ametumbuliwa" kwa maana ya kuachishwa kazi tu, na wengi hawauoni tena usaha ndani ya neno hilo. Ndivyo sitiari inavyozoeleka hadi kufa, kama vile tunavyosema shina na tawi la chama bila kuuona mti, au balozi wa nyumba kumi bila kuwaza nchi za nje.

Mchangiaji (muuguzi)

Shikamoo mwalimu. Nimesoma uzi wote na ningependa kuongeza jambo kutoka wodini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza bibi mmoja mgonjwa, "Bibi, unapata choo?" Akanijibu kwa heshima zote, "Tunacho, mwanangu, tulikijenga mwaka jana." Nikaandika kwamba hana tatizo. Siku mbili baadaye tumbo lilikuwa limejaa na alikuwa na maumivu makali. Alipona, lakini sikulisahau. Tangu hapo nauliza swali lile lile kwa njia mbili.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Umeleta mfano mzito kuliko yangu yote, na nakushukuru kwa kuusema waziwazi.

Tafsida ndiyo tamathali tunayoifundisha kwa haraka kuliko zote. Tunasema ni "kupunguza ukali wa maneno", tunatoa mfano wa "kujifungua" na "kufariki dunia", tunapita. Kumbe tafsida ni makubaliano kati ya watu kwamba jambo fulani litatajwa kwa kuzungukwa, na asiyekuwamo katika makubaliano hayo hubaki nje. "Choo" ni jengo, lakini hospitalini limekuwa jina la kinachopelekwa humo. Wewe na daktari mlikuwamo katika makubaliano hayo, bibi hakuwamo.

UKIMWI nao ulipewa majina mengi ya kuuzunguka. Mitaani watu walisema fulani "amekanyaga miwaya", au "ana ngoma". Maneno hayo yaliwasaidia watu kusema jambo ambalo vinywa vyao vilishindwa kulitaja, na hilo si dogo. Lakini waya wa umeme humuua anayeukanyaga papo hapo, na waliousikia usemi huo waliambiwa, bila mtu kukusudia, kwamba aliyeambukizwa amekwisha. Mgonjwa anayetumia dawa leo anaishi miaka mingi na kulea wajukuu. Azima ile imepitwa na hali halisi, na anayeendelea kuitumia anamsemea mwenzake kifo ambacho hakipo. Ndiyo maana nasema tafsida inastahili kupimwa sawasawa na sitiari: imeficha nini, imemsitiri nani, na imemwacha nani gizani?

Mchangiaji (mwanafunzi, kidato cha sita)

Shikamoo mwalimu. Nina swali la mtihani. Kuna kanga ya mama yangu imeandikwa "Wembamba wa reli, garimoshi hupita." Je, hii ni methali, ni sitiari, au ni fumbo? Mwalimu wetu na kitabu wanatofautiana.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu wanajibu maswali tofauti. Ukiulizwa aina ya semi, huo ni msemo wenye sura ya methali. Ukiulizwa tamathali iliyomo, ni sitiari: reli imeazimwa kumsemea mtu au kitu kinachoonekana dhaifu, na sifa iliyovushwa ni kule kubeba uzito mkubwa kuliko umbo lake. Na ukitazama umri wa azima hiyo, reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, na ile ya kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, kwa hiyo huu si usemi wa kale. Watu waliona kitu kipya kikipita mbele ya macho yao wakakitia katika lugha.

Neno fumbo linajibu swali la tatu, nalo ni matumizi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani hayo maandishi. Jina halitaji linaambiwa nani. Mama yako akijifunga kanga hiyo akiwa jikoni, huenda ni vazi tu. Akipewa na mumewe baada ya watu kumcheka kwa wembamba wake, ni faraja. Akiivaa kwenda kwenye shughuli ya jirani aliyemdharau jana, ni jibu, na jirani atalisoma mgongoni mwake bila mtu kutamka neno. Akilalamika, ataambiwa kwamba hiyo ni kanga tu, imenunuliwa dukani. Maandishi hayajabadilika hata herufi moja katika nafasi zote tatu. Kwa hiyo ukikutana na swali la namna hiyo, taja aina kwa sentensi moja, kisha tumia nafasi iliyobaki kueleza ni nani amevaa kanga, amepita mbele ya nani, na jana yake kulitokea nini baina yao.